Kontena la ofisi au stoo Arusha na Moshi: la kununua kwanza na la kuliacha yadini

Kontena lililopakwa rangi wiki iliyopita ndilo la kukaguliwa kwa jicho kali kuliko yote yadini. Rangi huficha viraka, na kutu hula chini ya kiraka. Ingia ndani mchana, wakufungie milango, usubiri macho yazoee giza: kila nukta ya mwanga ni mahali masika yatakapoingilia. Panda ngazi uangalie paa, kwa sababu bonde linalotuamisha maji ndilo hutoboka mwanzo. Inama uone mihimili ya chini, hasa upande wa mlangoni. Kisha pima uwazi wa mlango kutoka pembe hadi pembe, mara mbili kwa msalaba. Tofauti ikizidi sentimita 1, fremu imepinda, na kuinyoosha kutakugharimu kuliko ulivyopunguziwa bei.

Mwisho soma namba ya kontena: herufi nne, ya nne huwa U, zikifuatiwa na tarakimu saba. Iliyo mlangoni, ubavuni na kwenye karatasi iwe ile ile. Kontena huingia nchini likiwa chombo cha kubebea mzigo, hivyo likiuzwa hapa ushuru wa forodha unatakiwa uwe umelipwa. Dai nyaraka hizo na risiti ya EFD (mashine ya kodi) kabla ya kutoa hela.

Namba 1 kwa ofisi, saluni au karakana: futi 40 haikyubu (high cube, lenye kimo zaidi)

Sababu ni kimo. Kontena la kawaida lina mita 2.39 ndani, haikyubu lina karibu mita 2.7. Ukishaweka kizuia joto cha sentimita 5 na silingi juu, sakafu mpya chini, lile la kawaida linabaki na mita 2.3 hivi. Pangaboi hapo ni hatari kwa kichwa cha mteja. Kwenye haikyubu bado unapumua.

Kizuia joto si anasa. Moshi iko chini kuliko Arusha kwa kama mita 500, na Februari bati la kontena linachoma mkono. Dawa ya kwanza huko ni paa la pili: bati la kawaida juu ya fremu, likiacha nafasi ya hewa ya sentimita 30 na kutokeza sentimita 60 kila upande. Kwa futi 20 andaa mita za mraba 27 hivi za bati, kwa futi 40 karibu mara mbili. Nguzo za paa hilo zichomelewe kwenye pembe nene za chuma. Zisiwekwe katikati ya paa la kontena, maana bati lile lina unene wa milimita 2 tu.

Arusha tatizo linageuka. Usiku wa Julai chuma kinapoa, pumzi za watu na mvuke wa chai vinakigusa, na asubuhi silingi inadondosha maji. Watu hudhani paa linavuja, wanaita fundi, anapaka lami, na maji yanaendelea. Hilo ni jasho la kontena. Linazuiwa na foamu ngumu iliyogandishwa moja kwa moja kwenye chuma, bila mwanya wa hewa kupita nyuma yake. Sponji ya godoro, ambayo mafundi wengine huipendekeza kwa urahisi wake, hunyonya jasho hilo na kulihifadhi hadi kutu ianze usipoiona.

Madirisha: zile kuta zenye mikunjo ndizo zinazobeba. Chomelea kwanza fremu ya skwea paipu ya milimita 50 × 50, unene wa milimita 3, kisha kata ndani yake. Fundi akikata kwanza, ukuta hulegea na dirisha halikai. Achomelee vipande vifupi kwa kurukaruka, kwani mstari mrefu wa moto hukunja bati. Na anapokuwa kazini, mtu asimame ndani na ndoo ya maji: sakafu ni plaiwudi ya milimita 28, nayo inawaka. Ukitaka kufungua ubavu mzima uwe mbele ya duka, hapo unahitaji boriti ya chuma juu na nguzo mbili au tatu. Bila hivyo paa litashuka katikati.

Ubaya wake ni usafiri. Likiwa juu ya treila ya kawaida linafika mita 4.4 kutoka ardhini. Tembea njia yote ya mwisho ukiangalia nyaya na matawi. Vichochoro vingi vya mitaa kama Sakina au Majengo havimpi dereva nafasi ya kukata kona na chombo cha mita 12.

Namba 2, na namba 1 kwa stoo: futi 20 kavu (la kawaida, lisilo la jokofu)

Lina uzito wa tani 2.2 hadi 2.4 likiwa tupu, kwa hiyo lori lenye winchi linalishusha bila kukodi kreni kubwa. Ndani unapata mita za mraba 14 hivi. Kwa vifaa vya ujenzi, vipuri au mali ya duka, linatosha kama lilivyo, ukiongeza matundu manne ya hewa ya sentimita 30 kwa 30 yenye wavu: mawili chini upande wa kivuli, mawili juu upande wa pili. Vile vitundu vya kiwandani havisaidii kitu.

Kwa mahindi na kahawa kuwa mwangalifu zaidi. Mahindi yazidipo unyevu wa asilimia 13.5 yataota ukungu humo, tundu au si tundu. Magunia yakae juu ya paleti, mbali na kuta kwa nusu mita, na yasiguse sakafu: plaiwudi ile mara nyingi imetiwa dawa ya wadudu, kama kibati cha mlangoni kitakavyokuonyesha.

Namba 3: kontena la jokofu lililokufa mashine

Kuta zake tayari zina foamu, na kwa parachichi, mboga au maziwa hakuna la kulishinda ukilipatia ubaridi. Kwa ofisi ni usumbufu. Sakafu ni mifereji ya aluminiamu inayonasa miguu ya viti, na foamu ikikatwa kwa moto hutoa moshi wa sumu. Ukitaka kufufua mashine, itadai umeme wa fezi tatu.

Namba 4: futi 40 la kawaida

Gharama ya usafiri ni ya haikyubu, kimo ni kile kile cha kontena la futi 20. Chukua tu kama ni stoo ndefu.

La mwisho: lililokwisha kugeuzwa kibanda

Huwezi kuona kilicho nyuma ya plaiwudi. Muuzaji akikataa kufungua ubao mmoja wa silingi, ondoka.

Siku ya kushusha

Nguzo za zege za sentimita 40 kwa 40 ziwe tayari wiki moja kabla, moja kila pembe, zikiinua kontena sentimita 20 ili hewa ipite chini. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi chimba hadi upite tabaka linalovimba, la sivyo pembe moja itapanda wakati wa mvua. Umeme usiwashwe kabla fundi hajafunga waya wa ethi (wa kupeleka umeme ardhini) kwenye chuma chenyewe, rangi ikiwa imekwanguliwa. Waya uliochubuka ukigusa bodi, kontena zima lina umeme. Kila tundu la waya livishwe mpira.

Kreni ikiwa bado ipo, fungua na ufunge milango yote miwili. Ikigoma, usiipige nyundo: pembe moja imekaa chini, na kipande cha bamba la chuma chini yake kinamaliza kazi.