Mionzi ya nyonga: siku moja tu, na usiku wa pili wa balaa

Nilipoambiwa nitapigwa mionzi siku moja tu, nilidhani daktari amenipima mfuko kabla hajanipima nyonga. Jirani yangu hapa Kasarani alienda mara kumi, mimi nipewe moja? Nikamwuliza wazi. Akanieleza kwamba kansa yangu ya tezi dume imeshahamia kwenye mfupa, na kazi ya mionzi hapo ni kutuliza maumivu, si kuniponya. Kwa kazi hiyo, grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) kwa mkupuo mmoja hutuliza sawa na grei 30 zilizogawanywa mara kumi, ila wagonjwa wa mkupuo mmoja ndio zaidi hurudishwa kupigwa tena baadaye. Kwa mtu aliyekuwa akitokwa na machozi kila matatu ilipopanda tuta, safari moja badala ya kumi si jambo dogo. Nikakubali.

Walinipiga eksirei kwanza, waone kama mfupa umeliwa kiasi cha kuhitaji kutiwa chuma. Bado. Kisha skani ya kupanga, na alama za wino kiunoni ambazo nilikatazwa kuzisugua nikioga.

Siku yenyewe nilikuwa na miadi ya saa mbili asubuhi. Nikaingia saa nane na nusu mchana. Mashine iligoma na hakuna aliyetoka kutuambia. Habari tulizipata kwa mama wa chai. Na viti ni vya chuma kitupu, sisi wenye mifupa mibovu! Hapo siwapi hata alama moja.

Ndani mambo yalikuwa mengine. “Tulia hivyo hivyo mzee, pumua kawaida,” binti wa mashine akasema, akatoka na kufunga mlango. Chuma kikanizunguka kikinguruma taratibu. Sikusikia joto wala maumivu, na baada ya dakika chache nikaambiwa nivae. Mke wangu alikuwa na chupa ya mafuta mkobani, kwa kuwa watu husema “kuchomwa”, akidhani nitatoka kama mahindi ya jikoni. Jioni hiyo nilimpakata mjukuu wangu. Mionzi ya mashine hiyo haibaki mwilini.

Usiku wa pili ndio ulionikomesha. Maumivu yalipanda kuliko ya awali, nikaamini wameniharibu. Kumbe ni jambo linalojulikana, huwatokea wengi siku chache za mwanzo kisha hupoa, na kuna vidonge vya deksamethasoni vya kulipunguza. Nilivipata baada ya kupiga simu. Sentensi moja tu kabla sijatoka pale ingeniokoa usiku mzima wa kuhesabu mabati.

Nafuu yenyewe ilifika wiki ya tatu. Morfini ya maji niliyokuwa nikinywa kila baada ya saa nne, sasa ninainywa usiku tu. Mkongojo bado ninao kwa amri ya daktari, maana mfupa huchukua miezi kujijenga. Wakiniita tena nitaenda, na mto wangu wa kukalia kwapani.