Duka lililonifanyia usaili kabla ya kunisikiliza (santuri ya American Football)

Jamani nina miaka sasa nanunua vitu madukani huku Marekani, sijawahi kudharauliwa kama nilivyodharauliwa juzi kati kwenye duka moja la santuri hapa Illinois, na kisa chenyewe ni santuri ya bendi ninayoipenda kuliko bendi yoyote ya kizungu.

Iko hivi. Nilinunua albamu ya kwanza ya American Football, lile toleo la 2024 la kutimiza miaka 25. Nafika nyumbani naweka, wimbo wa kwanza Never Meant unapita vizuri kabisa, gitaa mbili zinapokezana, raha mustarehe. Unakuja wa pili, The Summer Ends, wenye tarumbeta, na pale pale kwenye tarumbeta sindano inaruka. Nafuta vumbi narudisha, inaruka. Naweka santuri nyingine, mashine haina shida yoyote. Naigeuza kwenye mwanga naona mkwaruzo umekatiza, na nilikuwa nimeitoa kwenye nailoni mwenyewe! Anayepiga hiyo tarumbeta ni Steve Lamos, ndiye huyo huyo mpiga drams wao, na kwangu mimi utamu wote uko hapo. Ukiniondolea tarumbeta na zile drams zisizotaka kuhesabika moja mbili tatu nne, umenibakizia vijana wa emo, ile roki ya hisia nzito, wanaolilia mapenzi, na hao wako wengi. Jazi ndiyo iliyowafanya hawa wawe hawa.

Haya, vitu vinaharibika, mpaka hapo sina neno na mtu. Nikairudisha na risiti yangu. Jamaa wa kaunta, mtu mzima kabisa, santuri haigusi, ananiangalia mimi, anauliza kama nilikuwa nimemnunulia mtu zawadi. Nikamwambia hapana, ni yangu. Akasema siku hizi wengi wanainunua kwa ajili ya ile picha ya nyumba iliyoko kwenye jalada tu, halafu wanaipiga kwenye mashine za bei rahisi wanakuja kulalamika. Kisha, nasema kweli mbele ya Mungu, akaniambia nimtajie nyimbo tatu za humo. Risiti ninayo mkononi, watu wamepanga foleni nyuma yangu, na mimi nafanyiwa usaili!

Nilimtajia zote tisa kwa mpangilio. Na kwa kuwa alishanichokoza sikuishia hapo. Nikamwambia hawa walianza 1997 kule Urbana, humu humu Illinois, wakiwa wanafunzi, Mike Kinsella, Steve Holmes na Lamos, watu watatu, hata mpiga besi wa kudumu hawana. Wakatoa albamu 1999, mwaka uliofuata bendi ikawa imekufa, shule imeisha kila mtu kashika njia yake. Hawakuwa na jina kubwa wala nini. Ni wasikilizaji walioibeba hiyo albamu, huyu anampa yule, miaka na miaka, mpaka ikatolewa upya 2014 na jamaa wakarudi jukwaani, Nate binamu yake Mike akashika besi. Sasa wewe kaka unanifanyia usaili, kati yetu tunaoipenda ni wangapi waliokuwepo pale mwanzo? Karibu wote tumeikuta bendi ikiwa imeshavunjika! Na hiyo nyumba unayoibeza, ya West High Street, bendi yenyewe na lebo yao na marafiki zao waliinunua 2023 isije ikabomolewa. Wao hawakuona aibu kwamba watu wanaipenda nyumba, wewe muuzaji ndiyo unaona aibu?

Kilichonichoma zaidi ni lile jicho la kwamba mtu kama mimi hawezi kuwa na muziki huu. Mimi nimekulia Dar kwenye nyumba ambayo Jumapili ni Sikinde mpaka jioni, najua solo na rizimu zikijibizana, najua tarumbeta ikiingia moyo unavyoshtuka. Siku ya kwanza kuisikia Never Meant sikuhitaji mtu wa kunielekeza nisikilize nini.

Niwe mkweli lakini, duka lenyewe si baya. Albamu yao ya pili, ya 2016, niliinunua hapo hapo, dada aliyenihudumia aliitoa akaikagua mbele yangu, safi kabisa, na bei zao zinavumilika, kwa hiyo nilikuwa nimeshaweka nyota tatu. Nimezishusha. Kwa sababu huyu bwana baada ya hotuba yangu yote alisema santuri ikishafunguliwa hairudi, ila atanipa nusu ya hela ninunue kitu kingine humo dukani, "kwa hisani yake". Hisani gani? Mmeniuzia kitu kibovu! Na wakati naondoka akaongeza kwamba baada ya albamu ya kwanza hakuna walichofanya cha maana. Hapo ndiyo nilijua hata kusikiliza hajasikiliza. Ile ya tatu ya 2019, Silhouettes peke yake inatosha, na Hayley Williams, yule mwimbaji wa Paramore, kwenye Uncomfortably Numb, wimbo wa watu wazima wenye watoto na majuto, wasingeweza kuuandika wakiwa vijana wa chuo. Lamos alipojitoa 2021 mimi niliumia kweli, aliporudi 2023 nilipigia simu watu. Halafu mtu ananiuliza kama ni zawadi.

Bendi nyota tano, sina mjadala. Duka nyota moja, na yule dada wala asihusishwe. Nataka santuri nzima au hela yangu yote, nusu sichukui, na yule jamaa atolewe kaunta.