Seti ya ngoma za Mpambire kwa kwaya ya kanisa: anzeni na empuunyi

Mpambire, kijiji cha mafundi wa ngoma nchini Uganda, wilayani Mpigi kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, ndiko kwa kununua. Kwaya inayocheza baakisimba, densi ya asili ya Waganda, wakati wa matoleo ichukue ngoma zote nne: embuutu, empuunyi, nankasa na engalabi. Kosa la kawaida ni kununua embuutu kubwa peke yake kwa kuwa inasikika mbali, kisha wachezaji wanakanyagana njiani kwenda altareni.

Kinachokosekana hapo ni empuunyi. Mdundo wake ni mzito na haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Miguu yote inausimamia. Embuutu huzungumza, nankasa ya fimbo mbili hukimbia, engalabi hudakia kwa viganja. Zote tatu zaweza kupotea na kurudi, mradi empuunyi haijasogea. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele mwaka 1976, zinaishi hivyohivyo: yuko anayepanga viti kila wiki na kupita kwa mgonjwa, na wengi humtambua siku asipokuja. Mtu wa namna hiyo ndiye apewe empuunyi. Ukimpa mpenda madoido, kasi itapanda na wazee watatoka mstarini kwanza.

Kabla ya kulipa, gonga katikati, kisha ukingoni. Usiposikia sauti mbili tofauti, ngozi imelegea au ni nene mno. Pitisha kidole kwenye mbao hadi chini ya ngozi. Ufa mdogo hapo huleta mkwaruzo ambao hakuna kukaza kutakaouondoa. Ngoma yenye uzito usio wa kawaida na harufu ya utomvu imechongwa mti mbichi, nayo itapasuka ikikauka. Ukiitikisa embuutu ukasikia kitu kikigonga ndani, usiirudishe: huenda fundi ametia mbegu makusudi.

Engalabi ndiyo inayodai uangalizi zaidi. Ngozi yake, ambayo kwa asili ni ya kenge, imepigiliwa kwa vijiti vya mti. Haina kamba za kukaza kama wenzake, hivyo dawa yake ni joto. Msimu wa mvua hulegea usiku kucha. Kabla ya Misa iwekeni juani, mkiigonga mara kwa mara mpaka sauti ipande. Moto wa karibu huharakisha, lakini ngoma ikilia sana hupasuka, na methali hiyo hapa ni ya ngozi kwelikweli.

Njuga za miguuni zinunuliwe pia. Magoti yakiwa yamekunjwa na kifua kimetulia, njuga humwonyesha mara moja aliyeachwa na mdundo, na jirani yake anaweza kumrudisha kwa bega bila kusimamisha mstari.

Msiziache kwenye sakafu ya saruji sakristiani, unyevu hupanda. Ziwekeni juu ya ubao, na mwulizeni fundi mapema bei ya kubadilisha ngozi.