Mbao ya uongo ya Crown yangu imerudi

Gari langu, Toyota Crown, ni la 1984, niliachiwa na marehemu baba. Ile "mbao" ya dashibodi si mbao hata kidogo: ni plastiki iliyovishwa karatasi laini yenye picha ya mbao, na jua la Moshi lilishaibabua ikajikunja kama ganda la kitunguu.

Fundi wa kwanza alitaka kunibandikia stika kama ya meza ya mama lishe. Nikamshukuru, nikaondoka. Wa pili ni kijana wa Majengo, kazi yake hasa ni kupaka rangi milango ya nyumba. Alichomoa vipande vyote, akailainisha karatasi kwa drayeri ya saluni ya mkewe, akaibandua, akapiga msasa wa maji namba 400. Thina hakuigusa, maana inayeyusha plastiki. Akapaka rangi ya kaki. Ilipokauka akaja na kahawia ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini, na kabla haijashika akaivuta kwa brashi kavu, mkono ukitetemeka makusudi ili mistari ipinde kama ya mninga. Nilikaa juu ya ndoo saa nzima namtazama tu. Mwisho klia, ile vanishi isiyo na rangi, mikono mitatu.

Nimelipa 130,000. Siku nne alizoniahidi zikawa kumi na moja, na kipande cha mlango wa nyuma kushoto kimekolea kuliko wenzake. Ukiwa na haraka, usiende. Saa ya dashibodi aliirudisha bila kuunga waya. Hilo nimelimaliza mwenyewe.