Ua la gundi: kaktasi niliyouziwa kando ya barabara

Imepita miezi, na hasira bado ninayo.

Kuna kitalu cha maua kando ya barabara, huku kwetu Dar, jina silitaji. Nilipita pale kabla ya masika nikaona kaktasi ndogo ya mviringo, inaenea kiganjani, ina ua moja la njano utosini. Nilipagawa. Nikalipa 15,000 bila hata kuomba nipunguziwe. Nilipouliza jina, kijana akajibu, "Hiyo kaktasi ya jangwani, mama." Basi.

Wiki ya kwanza, ua zuri. Wiki ya tatu, ua lile lile. Nikimwagilia, petali zinajifunga, zikikauka zinafunguka. Ningekosaje kuamini kwamba li hai? Jamani, lile ni ua lililokaushwa, la asili ya Australia, na hata likiwa limekufa hujifunga likilowa. Siku niliyoligusa kwa kidole ndipo nikaona gundi, ngumu kama kucha, imemiminwa katikati ya miiba, pale pale mmea unapokulia.

Nikairudisha. "Mama, ua uliliona, ukalipenda, ukalipa. Sasa shida nini?" Macho hakuyatoa kwenye simu.

Mwenzangu anayeotesha kaktasi aliitazama mara moja tu. Vile vinundu vilivyojipanga kwa kuzunguka vilimtosha: Mammillaria, ya Mexico, jina lililotokana na neno la Kilatini la chuchu. Maua yake huwa madogo, hutoka katikati ya vinundu na kuuzunguka utosi kama shada. Ua moja kubwa kileleni? Haliwezekani.

Gundi niliibandua kwa wembe, kidogo kidogo, mkono unanitetemeka. Kidonda nikakiacha kikauke karibu wiki mbili bila tone la maji, kisha nikaihamishia kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na kokoto.

Nilitaka kuandika msikanyage pale kabisa. Lakini haki isemwe, mizizi ilikuwa mizima na myeupe, mmea wenyewe ulitunzwa vizuri. Labda nendeni, ila ua mlishike kwanza. Hapana, msiende! Nikimkumbuka yule na simu yake, damu inachemka.

Juzi yamechomoza matumba matatu ya rangi ya waridi kando ya kovu. Upande ulioungua kwa gundi hakuna kitu. Wangeniuzia ilivyo, bila ua, ningelipa 15,000 hiyo hiyo.