Kikundi cha parokia kinachokuja mpaka mlangoni: nyota nne kati ya tano

Mtu wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, akiniuliza aanzie wapi unga ukiisha na kodi inadaiwa, namwambia aanze na kikundi cha kutembelea wahitaji katika parokia iliyo karibu naye. Parokia yangu siitaji kwa sababu wale wazee hawapendi kutangazwa, lakini iko upande wa Kariobangi. Vikundi kama hivyo vimejaa parokia za Katoliki Nairobi, vingine vikiwa chini ya Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho tangu kianzishwe Paris mwaka 1833 desturi yake ni kumfuata mhitaji nyumbani. Chetu ni kikundi cha jumuiya tu, yaani waumini wa mtaa mmoja, ila desturi hiyo wanayo, na huenda wawili wawili.

Mimi ni mama wa watoto watatu na muuzaji wa mitumba soko la Gikomba. Moto ulipopita upande wetu uliondoka na meza pamoja na robota, lile furushi kubwa la mitumba, lililofunguliwa siku iliyotangulia, na anayeijua Gikomba anajua wengi wetu hatuna bima. Tulikula akiba, tukala mikopo ya simu, mwishowe mama mboga akawa anaangalia kando nikipita. Nasema haya mjue nilikuwa katika hali gani, maana huduma ya aina hii haipimiki vizuri na mtu aliyeshiba.

Mwenyekiti wa jumuiya ndiye aliyepeleka jina langu. Walikuja mzee mmoja aliyestaafu na mama mwenye kibanda cha samaki. Walikaa kitandani, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na mzee alikataa kukikalia peke yake. Yule mama akaomba maji ya kunywa. Nilipommiminia kutoka kwenye mtungi, akauliza siku hizi mtungi mmoja tunanunua pesa ngapi upande wetu, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanzia. Hakuna aliyeniambia nieleze shida zangu. Tuliongea bei ya maji, tukaingia bei ya makaa, na kabla sijajua nilikuwa nimeshawaambia kila kitu. Mzee aliandika kwenye daftari la shule, mistari michache, halafu akanisomea alichoandika ili niseme kama ndivyo. Simu hazikutolewa mfukoni hata mara moja.

Swali lililonigusa zaidi lilikuwa la yule mama: "Mama Njeri, unapikia nini?" Sio ninapika nini, bali ninapikia nini. Mtungi wa gesi ulikuwa mtupu, nilikuwa nanunua makaa kwa mkebe.

Huko nyuma wafadhili fulani walikuwa wametuita uwanjani. Tulipanga foleni juani tangu asubuhi, tukapigwa picha chini ya bango, na kila mtu akaondoka na mahindi na maharagwe makavu. Niliyapokea kwa shukrani, na nawashukuru mpaka leo. Lakini maharagwe makavu yanataka moto wa saa mbili au tatu, na mkebe mmoja wa makaa hauyafikishi. Mahindi yanataka posho mill, na posho mill inataka pesa. Majirani zangu kadhaa waliuza vile vyakula jioni hiyo hiyo kwa bei ya kutupa ili wapate unga na sukuma. Ukiwaona ungedhani hawana njaa, kumbe njaa ndiyo iliyowauzisha.

Hawa wa parokia hawakuja na mfuko. Waliniachia karatasi yenye mhuri na kiasi cha pesa, niipeleke kwa duka moja la mtaani ambalo wamepatana nalo. Mwenye duka akanitazama kama mteja mwingine yeyote: "Nikupe nini, mama?" Nikachukua unga wa ugali, mafuta ya kupima, omena, chumvi, majani chai, sabuni ya kipande, na pedi za binti yangu. Pedi hizo sijawahi kuzikuta ndani ya mfuko wowote wa msaada, na binti wa sekondari akizikosa hubaki nyumbani. Omena nilichagua kwa sababu zinaiva haraka. Usiku ule tulikula ugali wa kushiba, na makaa yakabaki ya chai ya asubuhi. Kumwachia mtu achague mwenyewe ndiyo sababu kubwa ya nyota hizi.

Mzee naye alikuwa na mambo yake kichwani. Aliuliza kama watoto wangu wawili wadogo, walio shule ya msingi ya umma, wana bangili ya chakula. Hawakuwa nayo. Mpango wenyewe unaitwa Dishi na County, ulianza 2023 kati ya serikali ya kaunti ya Nairobi na Food4Education. Mzazi analipa shilingi 5 kwa sahani ya mchana, anaweka pesa kwa M-Pesa, na mtoto anagusisha bangili kwenye mashine anapopewa chakula. Watoto wawili kwa siku tano ni shilingi 50 kwa wiki. Jikoni kwangu 50 inaishia kwa mboga na mafuta ya siku moja. Nilienda shuleni kesho yake, na kuanzia hapo mchana ukaacha kuwa mzigo wangu. Mkubwa yuko sekondari ya kutwa, huko bangili haifiki. Na shule zikifungwa, Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, sahani hiyo haipo, kwa hiyo ukiweza weka kitu kando mapema.

Kwa shosho wa chumba cha pili, aliyepita miaka 70, mzee alimwelekeza ofisi ya chifu aulizie Inua Jamii, ile pesa ya serikali kwa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kama una mzazi wa umri huo nyumbani, aende na kitambulisho chake mwenyewe. Msitume mtu na maneno tu.

Sasa kodi. Kodi hawalipi, na hilo wanakwambia siku ya kwanza bila kuzunguka. Pesa zao zinatoka kwenye sanduku la kanisani na mifukoni mwao wenyewe, na ukiwatazama viatu unajua mifuko hiyo si mizito. Njaanuari, wakati kila mzazi anakimbizana na karo, sanduku linakauka kabisa na ile karatasi ya dukani inakuwa ndogo. Siwalaumu kwa hilo.

Walichofanya ni kuandamana nami kwa keateka, msimamizi wa ploti, ambaye alikuwa ameshaniahidi kufuli. Chumba changu ni cha mabati, shilingi 2,500. Mzee akamweleza kwa upole kwamba nyumba ya kodi isiyozidi 2,500 iko chini ya sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, na mwenye ploti hana ruhusa ya kumtoa mpangaji wala kumchukulia vitu mpaka apate amri ya mahakama maalumu ya kodi za nyumba. Akaongeza kwamba Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwa kikiwasaidia wasiojiweza bure tangu 1973, kinaijua sheria hiyo vizuri. Hakupandisha sauti. Keateka akampigia simu mwenye ploti, na tukaelewana nilipe kidogo kidogo kila wiki. Deni liko pale pale, lakini watoto wangu hawakulala nje.

Nyota moja nimeiondoa kwa jambo hili. Mama Zuhura, jirani yangu, alitembelewa na wawili wengine wa kikundi hicho hicho. Karatasi ya duka alipata, na alipokelewa vizuri ingawa yeye ni Mwislamu na hajawahi kuingia kanisani kwao. Lakini kuhusu bangili hawakumwambia, na kuhusu sheria ya kodi hawakumwambia, kwa sababu hao wawili walikuwa hawajui. Mimi nilibahatika kumpata yule mzee. Habari kama hizi hazifai kutegemea ni nani amebisha mlango wako. Ziandikwe kwenye karatasi moja ya Kiswahili chepesi, kila anayetembelea atembee nayo na aiache mezani. Niliwaambia hivyo ana kwa ana, wakasema watalijadili mkutanoni, na mimi nitazidi kuwakumbusha mpaka niione.

Jambo dogo jingine: wanakutana Jumapili tu, na shida haingojei Jumapili. Katikati ya wiki, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Kama shida yako ni kipigo nyumbani piga 1195, na kama ni mtoto anayeteswa au aliyeachwa piga 116. Vijana wa mkokoteni pale Gikomba nao huenda kula kwenye hekalu la Kalasinga. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini na wenzako, unakula dengu na chapati, na hakuna anayekuuliza dini yako wala kabila lako.

Biashara nimeirudia kwa miguu. Robota siliwezi bado, kwa hivyo nawahi asubuhi wanapofungua yao, nachagua nguo chache za kamera, yaani zile bora zaidi, nazungusha mtaani. Pesa ya kuanzia ilitoka kwa chama changu cha akina mama. Kikundi cha parokia hakitoi mtaji, usiende ukitarajia huo.

Ukitaka kuwapata, nenda parokiani Jumapili baada ya misa ya pili, ukaulize wanaotembelea wahitaji wanakutania wapi. Kwetu ni chumba kilicho nyuma ya ofisi, mlango wa kijani. Kama una mwenyekiti wa jumuiya au mzee wa mtaa anayekufahamu, akutangulize, inaharakisha. Kama umehamia juzi na hakuna anayekujua, nenda hivyo hivyo, sema unaishi ploti gani na chumba nambari ngapi. Watakuja wenyewe.