Cherehani ya mkono ya mtumba: miezi minane na wasaidizi wawili wadogo

Nianze na kosa, maana ndilo lililonifikisha hapa. Mwaka jana mwezi wa sita nilinunua kile kicherehani cha plastiki kinachoshikwa mkononi kama stepla, cha betri nne ndogo. Shilingi 18,000. Muuzaji alikipitisha kwenye kitambaa, trrr, mstari ukatoka umenyooka, nikalipa. Nyumbani tukashona gauni la mwanasesere wa binti yangu. Lilipokwisha akaona kauzi kananing'inia begani, akakavuta. Gauni zima likafumuka mikononi mwake hadi kwenye pindo. Akabaki na vipande viwili vya kitenge na uzi mmoja mrefu, ananitazama mimi.

Fundi wa mtaani kwetu Mbagala, Dar es Salaam, ndiye aliyenifungua macho. Kile kinatumia uzi mmoja tu wa juu, kinapitisha kitanzi ndani ya kitanzi kama mnyororo. Usipokifunga kitanzi cha mwisho, ukivuta umekwisha. Cherehani yenyewe ina nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi kinachokaa chini, zinakabana katikati ya kitambaa, kwa hiyo hata ukikata sehemu moja kwingine kunabaki kumeshika. "Dada, hicho ni cha kushikiza pindo ukiwa safarini," akaniambia, akacheka. Mimi sikucheka, hela ilikuwa yangu.

Basi mwezi wa nane nikapata cherehani nyeusi ya chuma ya mkono, ile yenye gurudumu kulia na mpini wa kuzungusha. Haina motor, haina pedali. Niliipata kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama nyumba Buguruni. Nilimwamkia shikamoo, akanikaribisha kiti kabla ya kuzungumza bei, tukaanza 180,000 tukaishia 130,000. Mashine za namna hii asili yake ni ya zamani sana, Isaac Singer alipata hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) ya cherehani yake Marekani mwaka 1851, na umbo hili jeusi lenye shingo nyembamba halijabadilika sana tangu enzi za bibi zetu. Uzuri wake kwa mtu wa kipato changu ni kwamba sindano za nyumbani na bobini za aina hii zipo Kariakoo hadi leo.

Ilikuwa imekaa miaka bila kazi na mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kama gundi. Gurudumu lilizunguka kwa shida. Fundi alinichaji 10,000: akadondoshea mafuta ya taa kila tundu, akazungusha, akafuta uchafu mweusi uliotoka, akaiacha ikauke, ndipo akatia mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia usiyaguse, alisisitiza, ndiyo yanayogandisha. Kisha akagundua mshono unaruka kwa sababu sindano ilikuwa imewekwa kinyume. Sindano ya nyumbani ina upande mmoja bapa kwenye shina lake, na upande huo lazima utazame pale mashine inapotaka. Akaigeuza tu, mshono ukakaa.

Sasa nije kwenye watoto, maana ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Kila aliyewahi kutumia cherehani ya mkono anajua kero yake kubwa: mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto peke yake ndio unaongoza kitambaa. Kona zinakuwa kazi, na kitambaa chenye kuteleza kinakukimbia. Nilikuwa nalalamika hivyo hivyo mpaka siku binti yangu, ana miaka saba, aliposhika mpini bila kuombwa. Nikaachia. Ghafla nina mikono miwili kwenye kitambaa na injini ya miaka saba pembeni. Tangu siku hiyo tunashona wawili. Mimi nasema "twende", yeye anazungusha, nasema "taratibu", anapunguza, "simama", anasimama. Mara tatu za kwanza alisimama akiwa ameshachelewa, siku hizi anasimama sindano ikiwa ndani ya kitambaa ili nigeuze kona, na ananikumbusha mimi kunyanyua kiguu kinachokandamiza kitambaa.

Kwenye mashine ya umeme ya dada yangu siwezi kufanya hivi. Mtoto akikanyaga pedali, inaruka kama pikipiki. Hii yangu inakwenda kwa mwendo wa mkono wa mtoto, mshono mmoja, mshono mmoja, na akiogopa akaachia mpini inasimama hapo hapo. Umeme ukikatika hatuna habari, tunasogeza taa ya sola mezani.

Lakini isiwe naipamba. Mwezi wa kumi nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, kichwa nimekiinamisha, na yule mdogo wa miaka minne akaona mpini umekaa bure. Sindano iliingia kwenye ncha ya kidole changu cha shahada, si kwa kina kikubwa, ila damu ilidondoka kwenye foronya mpya na yeye akalia zaidi yangu. Baada ya hapo sheria ni moja: ninapotunga uzi au kubadili sindano, ule mkono mdogo wa chuma unaoingia katikati ya njiti za gurudumu naugeuza nje. Mpini unazunguka hewani tu. Angalia kama mashine unayonunua inao na kama bado unakunjika, kwenye nyingine umeshika kutu.

Huyo mdogo nimempa kazi yake mwenyewe, kujaza bobini. Katikati ya gurudumu kuna kirungu kidogo. Ukikilegeza, gurudumu linazunguka lakini sindano haishuki kabisa. Kwa hiyo anazungusha kwa nguvu zake zote, uzi unajipanga kwenye bobini, na hakuna kidole kilichoko hatarini. Anajaza hata zisizohitajika. Niliwahi kukuta bobini imejaa rangi tatu, nyekundu chini, nyeupe katikati, bluu juu. Tulishonea mfuko wa viatu, na mshono wa chini ukabadilika rangi njiani. Alijivunia kuliko kitu chochote.

Kazi nyingine anazofanya hazihitaji cherehani. Nilikata upande wa boksi la sabuni, nikatoboa matundu kwa msumari kufuata umbo la samaki, nikampa kamba ya kiatu, kwa kuwa ncha yake ngumu inapita tundu bila sindano. Alipozoea nikampa kipande cha gunia la katani na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, iliyopoteza makali; nyuzi za gunia zimeachana vya kutosha na jicho la shazia ni kubwa, hata mtoto anatunga mwenyewe. Vifungo vya mashati yaliyokufa vipo kwenye kopo la Blue Band. Anavipanga kwa rangi, kwa matundu mawili na manne, na hapo mimi napata nusu saa yangu. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu vifungo na mdomo ni hatari, mimi nilisubiri.

Kitambaa karibu chote hatununui. Fundi wetu ananiuzia kiroba cha vipande vya vitenge kwa 2,000, na vile vidogo visivyoshoneka tunavikatakata vizuri tunajazia mito. Vinakuwa vizito, lazima niseme. Mto uliojazwa sufi ni mwepesi na laini zaidi, kama una mtu kijijini mwenye msufi muombe. Soko la Karume nanunua mashuka ya mtumba; shuka moja la kitanda kikubwa la 5,000 lilinipa nguo za kulalia za watoto wote wawili na foronya moja juu. Shuka lililofuliwa mara mia halitanywea tena, wakati kitenge kipya ni lazima ukiloweke na ukifue kabla ya kukata, nami nililijua hilo kwa kuharibu sketi.

Khanga zilizochakaa katikati lakini pindo bado zima ndizo ninazozipenda kuliko zote. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku hapa Tanzania tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya sokoni ndani ya nyumba haitoshi kamwe. Nakata khanga mkunjo wa mara mbili, pindo linakuwa mdomo wa mfuko, na ile sentensi yake nahakikisha inabaki nzima mbele. Binti anaisoma kwa sauti wakati anazungusha, akifika neno asilolielewa anasimamisha mashine nzima aniulize. Tunachelewa, lakini sijawahi kumkataza.

Sare za shule ndipo hela halisi ilipo. Sketi ya bluu ya mtoto anayerefuka inashushwa lapu, yaani pindo la chini, kila mwaka, na ukifumua lapu ya zamani unakuta mstari uliopauka pale mkunjo ulipokuwa. Dawa niliyoipata ni kushona mstari mmoja mnene wa uzi wa bluu juu kabisa ya ule mstari, halafu mwingine chini yake kidogo, ionekane ni mtindo. Walimu hawajasema kitu. Magoti ya kaptura naweka kiraka kwa ndani, napiga bandi (mishono mirefu ya kushikiza) kwanza kwa mkono, kisha mashine.

Udhaifu wake sasa. Inashona mstari ulionyooka tu, basi. Haina zigizaga, kwa hiyo kingo za kitambaa zinachomoka nyuzi na lazima ufiche mshono ndani ya mshono: unashona kwanza ndani ikitazamana na ndani, kingo zikiwa nje, unapunguza kingo, unageuza, unashona tena. Muda mara mbili. Tisheti na kila kinachovutika usijaribu, mtoto akivaa tu uzi unakatika shingoni. Jinzi inapita kwa sindano namba 16, lakini pale mishono minne inapokutana nimevunja sindano mbili. Hapo nazungusha mwenyewe, watoto wakae mbali, kipande cha sindano kinaruka. Vitambaa vya kawaida natumia namba 14. Halafu ni nzito. Kuihamisha kutoka mezani wakati wa kula ni kazi ya mtu mzima, na kwetu meza ni moja.

Na hesabu? Kwenye daftari naandika kila kitu ambacho ningempelekea fundi na bei yake: zipu tatu, lapu, viraka, nguo za kulalia, mifuko mitano, foronya nne. Mpaka mwezi huu wa nne imefika 71,000. Nimetumia 130,000 ya mashine, 10,000 ya fundi, na kama 12,000 ya sindano, nyuzi na mafuta. Jumla 152,000, kwa hiyo sijafika hata nusu, na atakayekuambia cherehani inarudisha hela yake mwezi wa pili anakuuzia cherehani. Bado ningeinunua tena kesho. Kile cha betri ningempa adui.

Ukienda kununua, nenda na kitambaa chako na uzi wako, usijaribu kwa kitambaa cha muuzaji. Kunja mara nne, zungusha mwenyewe polepole, geuza uangalie chini: kama uzi wa chini umelala kama kamba iliyonyooka na unaweza kuuchomoa, tensheni, yaani mkazo wa uzi wa juu, imelegea au diski zinazoubana zimekwisha, na hilo la pili ni gharama. Tikisa gurudumu usikie kama linagonga. Fungua kifuniko cha chini uhakikishe nyumba ya bobini, kile kikombe cha chuma kinachoishika, ipo, maana mimi ya kwanza niliyoionyeshwa haikuwa nayo na muuzaji alikuwa kimya. Kama unaweza, nenda na mtoto. Wangu wa miaka minne ndiye aliyesema ile ya Buguruni mpini wake haufikii, na ni kweli, ilibidi nimtafutie kigoda.